Nikipanda mlima, seva ya nyumbani inalala: niweke mfumo upi?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, mwongoza watalii, naishi Pasua hapa Moshi na mke wangu na watoto watatu. Nikipanda kwa njia ya Machame au Lemosho nakaa nje ya nyumba siku saba au nane, na simu kule juu hushika mtandao kwa kubahatisha. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa.

Baba yetu alifariki mwaka 2019. Alikuwa na kamera ya video ya kubeba begani, na pale kwetu Kibosho alirekodi kila kitu: kipaimara cha dada mwaka 1996, harusi za mashangazi, uchumaji wa kahawa kihambani, Krismasi ambazo ukoo wote ulipanda kutoka Dar. Aliacha kanda 23 za VHS. Misimu miwili ya mvua, wageni wanapokuwa wachache, nilikaa na deki ya kuazima nikazihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Zote pamoja ni kama GB 90. Katika kanda ya 1996 baba anamkabidhi mjomba kamera, anaingia mwenyewe kwenye picha, anacheka na kuniita jina langu. Mwanangu wa mwisho alizaliwa baada ya babu yake kuondoka, lakini sauti ile anaijua.

Mbali na kanda nina filamu, katuni, nyimbo za kwaya na picha za mlimani, jumla kama TB 1.5, kwenye eksteno mbili, yaani diski za nje za kuchomeka. Moja ilianguka kutoka kwenye meza ya TV ikaanza kugonga kwa ndani, haikufunguka tena. Namshukuru Mungu ilikuwa na filamu tu. Ndipo nikanunua kompyuta iliyotumika ofisini, Core i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, ikiwa na Windows 10, niifanye seva ya nyumba, yaani kompyuta ya kutunza faili na kuonyesha video kwenye TV. Mke wangu akaanza kuweka humo hesabu za kikoba chao, maana yeye ndiye mweka hazina.

Mdogo wangu ni fundi kompyuta, yuko Njiro, Arusha. Alinunua diski mpya ya TB 4 kwa hela yake, akaja Moshi nikiwa mlimani, akahamisha faili za shemeji yake, akafuta Windows, akaweka Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na Jellyfin, programu ya kuonyesha video zako kwenye TV. Alitaka nishuke nikute zawadi. Na kweli ilikuwa zawadi: mtoto anachukua rimoti, anaona picha za katuni zimejipanga, za babu zina mahali pake.

Agosti nikiwa Lemosho umeme ulikatika jioni. Uliporudi, kompyuta iliwaka na kioo cheusi chenye maandishi meupe ya Kiingereza. Mke wangu alipiga picha, nimeiona: mfumo umeingia hali ya dharura, unangoja amri. Ulingoja siku tano. Katikati yake ilikuwa siku ya marejesho ya kikoba, na mke wangu akasimama mbele ya wenzake bila hesabu. Niliposhuka lango la Mweka na simu kushika mtandao, ujumbe wa kwanza ulikuwa wake: "Nirudishie Windows yangu."

Mdogo wangu anasema kosa si la Ubuntu, na sasa anataka tuweke TrueNAS, mfumo uliotengenezwa hasa kwa kutunza faili, ambao anasema haupotezi faili. Mwenzangu kazini ananiambia niweke Plex niachane na mengine. Mke wangu hataki kusikia jina lolote isipokuwa Windows. Nikimfuata mke, mdogo wangu ataona nimemtupia diski yake. Nikimfuata mdogo wangu, nitapanda mlima nikiwa na hofu ya simu. Desemba ukoo unakuja Krismasi na wote wameshaulizia kanda za baba. Mimi mwenyewe nimezoea Windows tu. Nishike lipi?

Mpanda mlima, Pasua

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale Mweka. Mtu ametoka kileleni, magoti yanauma, na neno la kwanza kutoka nyumbani ni kompyuta. Pole. Na umfikishie mama watoto pole yangu, kwa sababu mweka hazina aliyefika kwenye marejesho bila hesabu hana pa kuweka uso, na aibu hiyo hukaa muda mrefu kuliko hitilafu iliyoileta.

Umeniuliza jina la mfumo endeshi. Lakini ukisoma tena ulichoandika, utaona mashine moja imebebeshwa kazi tatu: kutunza kanda za marehemu, kuonyesha video sebuleni, na kuwa daftari la kikoba. Mdogo wako anajibu la kutunza. Mwenzako wa kazini anajibu la kuonyesha. Mkeo anajibu la daftari. Wote watatu wanasema kweli, na ndiyo maana umeshindwa kumkatalia yeyote.

Tuanze na ile jioni ya Agosti, maana nyumbani kwenu hukumu imeshatolewa juu yake na mimi naona kesi haijasikilizwa. Linux ikiwaka, husoma orodha ya diski ambazo iliambiwa lazima izifungue. Ikikosa mojawapo, huwa inasimama na kuingia hiyo hali ya dharura, hata kama diski iliyokosekana ni ya filamu na haihusiani na mfumo wenyewe. Sasa fikiria: je, ile eksteno yako iliyobaki ilikuwa imechomekwa hapo? Eksteno iliyotoka kwenye Windows kwa kawaida imepangwa kwa NTFS, yaani mpangilio wa faili wa Windows. Umeme ukikatika ghafla ikiwa kazini, hubaki na alama kwamba haikufungwa vizuri, na Linux inaweza kukataa kuifungua mpaka ikaguliwe. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea. Lakini kama ndicho, dawa yake ni neno moja, nofail, ambalo mdogo wako anaweza kuliongeza kwenye mstari wa diski hiyo katika ile orodha, na kuanzia hapo kompyuta itawaka hata diski ikigoma. Muulize kwa utulivu, umtumie ile picha ya kioo cheusi. Fundi huumia kuambiwa kazi yake ni mbaya. Akionyeshwa mahali penye kasoro, kwa kawaida hupona haraka.

Upande wa pili, kumbuka kwamba umeme wa Pasua hautabadilika kwa sababu umebadilisha mfumo. Windows nayo ikizimwa ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili, na inaweza kuamka ikikagua diski kwa muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya kushindania majina, kuna UPS ndogo, ile ya kushikilia kompyuta dakika chache. Nunua yenye waya wa kuiarifu kompyuta kwamba umeme umekatika, ili ijizime yenyewe kwa adabu. Kuna pia mpangilio ndani ya kompyuta za ofisi, unaopatikana kabla mfumo haujawaka, wa kuiamuru ijiwashe umeme ukirudi. Hayo mawili yatakusaidia chini ya mfumo wowote utakaouchagua.

Sasa Windows. Unasema mkeo anaijua Windows, nami nakuuliza kwa upole: anaijua Windows, au anaijua Excel na mahali faili lake lilipo? Hilo ni swali la kumwuliza yeye, ukiwa umekaa, sio la kumkisia. Kama ni Excel, kwenye Ubuntu kuna LibreOffice inayofungua faili hizo, na hesabu za kawaida za kujumlisha na kugawanya hupita salama. Lakini kama jedwali lake lina makro, yaani amri zinazojiendesha ndani yake, au alilipewa likiwa na vitufe vya kubonyeza, laweza kuvurugika, na hilo halifai kugunduliwa siku ya marejesho. Mwache alijaribu wiki mbili akiwa bado na la zamani pembeni.

Na kama utaamua kurudi Windows, ijue hali yake. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikaacha mwaka mmoja wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha. Kompyuta yako ya kizazi cha sita haimo katika zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane. Wapo mafundi wanaoiingiza kwa nguvu, ila Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine kama hizo. Ukibaki na Windows 10, Jellyfin bado itafanya kazi humo, lakini angalia namna ilivyosakinishwa: kuna namna inayoanza pale tu mtu anapoingia kwa nywila yake, na nyingine inayoanza yenyewe nyuma ya pazia. Ukiwa na ile ya kwanza, umeme ukirudi watoto hawatapata katuni mpaka mama yao aingie kwenye kompyuta. Faida yake ni kwamba wewe na mkeo wote mnaweza kuikarabati bila kumpigia mtu Arusha. Hiyo ni faida kubwa, wala usiidharau kwa sababu mafundi wanaidharau.

Ubuntu, kwa upande wake, inafaa mashine ya umri huo. Matoleo yake ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, na kila moja hupewa masasisho ya bure kwa miaka mitano. La 24.04, kwa mfano, ni mpaka 2029. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la huko lenye mzizi mmoja na utu wetu. Nalipenda jina hilo. Hatari yake kwenu haiko kwenye mashine. Iko kwenye umbali: anayeijua yuko Njiro, mwenye nyumba yuko Shira mlimani, na aliyeketi mbele ya kioo hajafundishwa lolote. Hatari hiyo inapungua, kama kuna mtu atakaa naye jioni mbili. Je, mdogo wako aliwahi kumwonyesha shemeji yake chochote, au alimaliza, akafunga begi, akapanda basi?

TrueNAS sitaikalia sana. Ni mfumo mzuri na wa heshima. Umejengwa juu ya ZFS, mpangilio wa kutunza faili kwenye diski uliozaliwa kampuni ya Sun Microsystems, na ZFS huweka alama ya kuhakiki kila kipande cha data, ili data ikioza kimya kimya ijulikane. Ila nina maswali matatu kwa mdogo wako. ZFS ikiwa na diski moja inaweza kukuambia faili limeharibika, lakini haina nakala nyingine ya kulitengenezea. Je, yuko tayari kwa diski ya pili? RAM GB 8 ndicho kiwango cha chini kabisa kwa TrueNAS. Je, kuna nafasi ya kuongeza? Na la tatu ndilo zito: TrueNAS hujichukulia diski yake ya kuwakia yote, na huendeshwa kutoka kompyuta nyingine kupitia kivinjari. Mkeo hawezi kuketi hapo na kufungua hesabu za kikoba. Atahitaji mashine yake. Na hata ukiwa na diski mbili zinazoigana, mtoto akifuta kanda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuhusu Plex, mwenzako amechanganya kidogo. Plex ni programu kama Jellyfin. Bado itahitaji Windows au Ubuntu chini yake. Ni nzuri na inapendeza machoni, lakini inakutaka akaunti ya kampuni, na usipoipanga mapema, siku bando limekwisha inaweza kusumbua kuingia hata kwa video zilizo chumba cha pili. Tangu Aprili 2025, kutazama video zako ukiwa nje ya nyumba ni kwa kulipia. Jellyfin, iliyojitenga na programu nyingine ya aina hiyo iitwayo Emby mwishoni mwa 2018, ni ya bure, na akaunti zake zinakaa humo humo nyumbani. Kwa nyumba inayonunua intaneti kwa bando, mimi ningelitazama jambo hilo kwa makini.

Kuna kitu hukukitaja, nacho ni LUKU. Kompyuta inayovuta wati 30 usiku na mchana hula kama uniti 22 kwa mwezi. Kama mita yenu iko kwenye daraja la wateja wadogo, wale wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, seva inaweza kuwavusha mkaingia bei ya juu. Si lazima iwake usiku kucha. Mifumo yote mnayoibishania inaweza kupangiwa muda wa kujizima.

Nimeliacha hili mpaka sasa kwa sababu linanigusa. Mwanangu, katika faili zako zote, zisizoweza kupatikana tena popote duniani ni zile GB 90 za kanda, pamoja na picha zako za mlimani. Filamu zitarudi, katuni zitarudi. Kicheko cha baba yako hakirudi. Na kwa jinsi ulivyoandika, sioni mahali unaposema kanda hizo ziko sehemu ngapi. Eksteno iliyoanguka ilikuwa na filamu, ukashukuru. Ingeweza kuwa ile nyingine.

GB 90 ni kidogo sana. Zinaingia kwenye eksteno ndogo kuliko zote dukani. Ningetamani kuziona mahali patatu: kwenye seva, kwenye eksteno iliyo kabatini bila kuchomekwa, na kwenye nyingine iliyo nje ya Moshi kabisa. Hizo za akiba zipange kwa exFAT, mpangilio mwingine wa diski, ili zifunguke kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye TV nyingi, na mtu yeyote wa ukoo aweze kuzitazama hata kama seva yenu na fundi wake hawapo. ExFAT haivumilii vizuri kuchomolewa ghafla, kwa hiyo zitoe kwa utaratibu, na baada ya kunakili fungua kanda mbili tatu mpaka katikati uhakikishe zinacheza. Kanda zenyewe za VHS usizitupe, zifunge mahali pakavu pasipo ukungu.

Na hiyo eksteno ya nje ya Moshi, nani aishike? Nimemfikiria mdogo wako. Alitoa hela yake, akasafiri kutoka Arusha, akafanya kazi usiku kwa ajili ya sauti ya baba ambaye ni wake pia. Alikosea kubadilisha mashine ya nyumba ya watu bila kumwuliza mwenye daftari, na nadhani ni vizuri aambiwe hivyo, na wewe ndiye wa kumwambia, sio mkeo. Lakini mtu aliyekabidhiwa kanda za baba azitunze Njiro hatajiona ametupiwa diski yake, hata kama sebuleni kwako mtaweka mfumo ambao hakuupenda.

Kwa mkeo nako kuna njia ya kati. Daftari la kikoba linaweza kuhama kabisa kutoka kwenye ile mashine. Kompyuta mpakato ya zamani yenye Windows inatosha kazi hiyo, na betri yake inamvusha umeme ukikatika. Hapo seva inakuwa seva, na mvutano wa Windows unapoteza nusu ya nguvu zake. Ubaya ni gharama, na vifaa viwili vya kutunza badala ya kimoja. Kama hela haipo kabla ya Krismasi, basi mashine moja ibaki, na mfumo wake uwe ule ambao yeye amekubali kuukalia akiwa peke yake. Naweza kusikia mdogo wako akilalamika. Lakini yeye hakuwa pale siku ya marejesho.

Vyovyote mtakavyoelekea, fanyeni jaribio moja ukiwa nyumbani. Kwanza hakikisha nakala zipo na eksteno zimechomolewa. Kisha jioni, watoto wakiwa sebuleni, zima swichi kuu. Washa tena baada ya dakika kumi, ukae kwenye kochi usiguse chochote, mkono wala mdomo. Mwache mama watoto aifikishe TV kwenye katuni. Akikwama, andika alipokwamia, na hiyo karatasi ndiyo utakayojadili na mdogo wako. Rudieni mpaka apite bila kukuita. Mfumo uliopita jaribio hilo utakuwa na sifa ambayo sisi wengine tukiwa mbali hatuwezi kuipima, na unaweza kukuta ni ule ambao hukuutarajia.

Desemba haiko mbali, na najua kabla yake una safari nyingine za kupanda. Huna haja ya kumjibu mtu yeyote wiki hii. Ila leo, kabla hujalala, tafuta flashi yoyote iliyo ndani ya nyumba, nakili ile kanda ya 1996, uichomeke kwenye TV uone inacheza, halafu uiweke kwenye begi lako la mlimani.